Bunduki ya babu iliyoandikwa "W. Richards": ni ya nani, na ni ya lini?

Binti mmoja wa Mbagala ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Babu yetu amefariki mwaka jana. Alikuwa bwana nyama, yaani mlinzi wa wanyamapori, huko Rufiji. Chini ya kitanda chake tumekuta bunduki ya mitutu miwili, imeviringishwa kwenye kanga na mkeka. Juu ya mitutu imeandikwa W. Richards. Jamaa mmoja wa Kariakoo anasema hiyo ni Westley Richards ya Uingereza, adimu, bei yake ni ya gari. Mjomba anataka kuipiga msasa ing'ae, halafu aijaribu mkesha wa mwaka mpya. Nimekutumia picha. Ni bunduki gani hii, ilitengenezwa lini, na kweli ni adimu?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kabla sijasema neno lolote juu ya umri wake, mzuie mjomba. Msasa usiiguse, na risasi isiingie. Nitaeleza kwa nini, na ukimaliza kusoma naomba umsomee na yeye.

Jambo la pili nalo haliwezi kusubiri. Leseni ilikuwa ya babu, na babu hayupo. Bunduki hairithiwi kama shamba au kitanda; anayekaa nayo bila leseni yenye jina lake mwenyewe anakaa na silaha kinyume cha sheria, na sheria yetu ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 haina mzaha. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe, wewe na msimamizi wa mirathi, mwende mikono mitupu mkaeleze mlichokikuta, na wao watawaambia jinsi ya kuifikisha. Usiibebe kwenye daladala ukiwa umeifunga kwenye kanga. Tafuta kwenye sanduku la babu kitabu chake cha leseni. Mabwana nyama wa zamani walikuwa watu wa karatasi, na kitabu hicho kitakusaidia polisi na kitanisaidia na mimi. Picha ulizokwisha kupiga zinatosha kwa kazi yetu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba ikienda polisi historia yake itapotea.

Sasa tuingie kwenye bunduki yenyewe.

Nimeshika bunduki za zamani zaidi ya miaka thelathini, nyingi katika karakana ya kampuni ya uwindaji hapa Dar es Salaam, na kosa ninaloliona kila mara ndilo hilo la jamaa wa Kariakoo. Mtu anasoma jina lililoandikwa juu, kwenye ule ukanda wa chuma unaounganisha mitutu, akishalisoma anafunga mjadala. Jina la juu ni kama kibao cha duka. Linaweza kuwa la fundi aliyeitengeneza, linaweza kuwa la muuzaji aliyeinunua Birmingham bila jina akaandika lake, na linaweza kuwa la uongo mtupu, lililochongwa ili mnunuzi wa mbali adhani anapata kitu kingine. Anayetaka ukweli huigeuza. Huondoa mbao ya mbele, hutoa mitutu, huilaza chali kwenye kitambaa, na kusoma chapa zilizogongwa kwenye ubapa wa chini, pale mitutu inapokalia mwili wa bunduki. Chapa hizo hazikugongwa na muuzaji. Ziligongwa na ofisi ya kupima silaha, baada ya mitutu kujazwa baruti nyingi kuliko kawaida na kufyatuliwa makusudi kuona kama itapasuka.

Umefanya vizuri sana kupiga picha ya chini. Wengi hunitumia picha kumi za kitako na nyundo, na hata moja ya chini haipo.

Tusome pamoja. Kwenye picha yako ya nne kuna umbo la yai limelala wima. Ndani yake zimo herufi E, L, G na chini yake kijinyota. Juu ya yai kuna taji. Hapo tu Uingereza imekwisha ondoka mezani. Herufi hizo ni za Liège, mji wa Ubelgiji uliokuwa ukitengeneza bunduki kwa wingi kuliko karibu mji wowote wa Ulaya. Pembeni yake kuna alama kama nguzo ndogo yenye msalaba kileleni. Hiyo ni sura ya nguzo iliyosimama kwenye uwanja wa soko wa mji huohuo, na ofisi ya Liège imekuwa ikiigonga tangu 1853. Ile herufi moja yenye nyota juu yake, ambayo wewe umedhani ni alama ya kiwanda, ni ya mkaguzi aliyeshika zamu siku ile.

Hilo yai ndilo saa yetu. Bila taji juu, lingekuwa la kabla ya 1893. Lina taji, kwa hiyo bunduki ilipimwa mwaka 1893 au baadaye. Kuanzia 1922 ofisi ya Liège iliongeza herufi ndogo ya mwaka, ikianza na a, na mimi nimeikuza picha yako mpaka ikavunjikavunjika sijaiona herufi hiyo, wala nafasi iliyofutwa. Basi tuko kati ya 1893 na 1922. Kisha kuna kinachokosekana: tangu 1898 bunduki iliyopimwa kwa baruti mpya isiyo na moshi iligongwa simba mdogo juu ya herufi PV. Yako haina simba. Ilipimwa kwa baruti nyeusi peke yake, ile ya moshi mzito.

Tunaweza kubana zaidi kwa kutazama chuma. Umeandika kwamba mitutu ina "michoro kama maji yanayotiririka au ukindu uliosukwa." Umeona vizuri. Hicho ni chuma cha Dameski. Mafundi walichukua nondo nyembamba za chuma laini na za chuma cha pua (yaani chuma kigumu, si kile kisichoshika kutu), wakazipanga kwa zamu, wakazichoma pamoja na kuzisokota kama kamba. Kamba hizo mbili tatu zikaunganishwa kuwa utepe, na utepe ukazungushiwa kwenye fimbo ya chuma huku ukigongwa moto mpaka mizunguko ishikane kuwa bomba. Michoro unayoiona ni zile nondo zenyewe, zimejitokeza baada ya kuoshwa kwa tindikali. Kazi hiyo ilifanywa zaidi katika vijiji vya bonde la mto Vesdre, karibu na Liège, na nyumba za bunduki za Uingereza nazo zilinunua mabomba kutoka huko. Agosti 1914 jeshi la Wajerumani liliingia Liège, na baada ya vita ile biashara haikurudi ilivyokuwa. Chuma cha pua cha kipande kimoja kilikuwa kimeshaipita. Ndiyo maana, mwanangu, naiweka bunduki ya babu yako kati ya 1893 na 1914. Ina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Na "W. Richards" je? Westley Richards ni nyumba halisi ya Birmingham, ilianzishwa 1812, na mwaka 1875 watu wake wawili, Anson na Deeley, ndio waliovumbua ule mtambo wa ndani usio na nyundo nje ambao nusu ya dunia iliuiga. Wao waliandika jina lao zima, Westley Richards, na bunduki zao zina chapa za Uingereza. "W. Richards" yenye yai la Liège chini yake ni jina lililotengenezwa ili macho yateleze. Ziliuzwa kwa maelfu katika makoloni na Marekani. Si adimu. Pole kwa hilo. Najua mlikuwa mmeshaanza kuigawa ile bei ya gari.

Lakini usiitupe kwenye akili yako kwa sababu hiyo. Fikiria ilivyofika Rufiji. Mwaka 1890 mataifa yalitia saini huko Brussels mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa, na ndani yake wakaweka vifungu vya kuzuia silaha bora zisiingie sehemu kubwa ya Afrika mikononi mwa wenyeji. Kilichoachiwa mlango ni bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Ndio mzizi mmojawapo wa gobole kutawala vijijini kwetu, la kushindilia kutoka mdomoni, wakati Ulaya yenyewe ilikuwa imeliacha kwa miaka mingi. Bunduki ya kuvunja katikati na kutia risasi nyuma, kama ya babu yako, katika miaka ya Mjerumani ingekuwa ya ofisa, ya mlowezi au ya mfanyabiashara mwenye kibali. Babu yako hakuwa mwenyewe wa kwanza, wala pengine wa pili. Kitabu cha leseni kikipatikana, tazama ukurasa wa kwanza: mara nyingi huandikwa silaha ilitoka kwa nani.

Nirudi kwa mjomba. Namba 18.2 iliyogongwa chini ni upana wa ndani wa mtutu kwa milimita. Bunduki yenu ni namba 12, na namba hizi wengi huzitumia bila kujua zilikotoka: ni kwamba risasi kumi na mbili za mviringo za upana wa mtutu huo, za madini ya risasi tupu, zina uzito wa ratili moja. Ndiyo maana namba 16 ni nyembamba kuliko 12. Mjomba atakwambia risasi za namba 12 zinapatikana, na zitaingia. Zitaingia kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Chemba za bunduki za wakati ule, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kwa kawaida zilikatwa kwa ganda la milimita 65. Maganda ya siku hizi mengi ni ya 70, na urefu huo unahesabiwa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kufyatuliwa. Likiwa limekunjwa linakaa bila shida. Likifyatuliwa, mdomo wake unafungukia pale mtutu unapoanza kubana, njia inazibwa, na mgandamizo unapanda. Ongeza kwamba baruti yenyewe ni ya kizazi ambacho mitutu hii haikupimwa nacho. Ongeza miaka mia moja ya hewa ya chumvi, na kutu inayotembea kwenye maungio ya zile nondo ndani ya chuma, mahali jicho halifiki. Mkono unaoshika mbao ya mbele uko juu ya sehemu hiyohiyo inayopasuka. Nimewahi kumwona mzee mmoja aliyebakiwa na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Mwambie mjomba mkesha atautia shangwe kwa njia nyingine.

Na msasa. Miaka ya nyuma karakana moja niliyoifahamu ililetewa bunduki ya mitutu miwili ya Kijerumani kutoka familia ya Upanga. Kijana wa hapo, kwa nia njema kabisa, aliitia kwenye mashine ya kung'arisha, juu na chini. Ilipofika mikononi mwangu iling'aa kama sufuria mpya. Chini, kwenye ubapa, palikuwa na kivuli cha taji na nusu ya herufi U. Tarehe haikuwepo. Na ile ndiyo ingekuwa bunduki rahisi kuliko zote kuipa umri, kwa sababu mji wa Suhl, kwa Wajerumani, kwa miaka mingi kabla ya vita ya pili uligonga mwezi na mwaka waziwazi. Niliwahi kuishika nyingine ya Suhl, ya kiwanda cha J. P. Sauer, iliyotunzwa na mama mmoja mjane wa Kinondoni ndani ya foronya ya mto. Ilikuwa na zile pete tatu, alama ya kampuni ya chuma ya Krupp ya Ujerumani, kwenye mitutu, na chini, ndogo kama punje ya mtama, imeandikwa 8.13. Agosti 1913. Mwaka mmoja kamili kabla vita haijafika huku. Nilikaa nayo mezani nusu saa nzima bila kufanya chochote. Yule mama alidhani nimepata tatizo.

Kwa kuwa najua wapo wasomaji wengine wenye bunduki za Kiingereza, niseme machache. Uingereza ilikuwa na ofisi mbili, London na Birmingham. Ukiona maneno NOT FOR BALL, yaani usitie risasi ya kipande kimoja, umeshika mtutu uliobanwa mdomoni na kupimwa kati ya 1875 na 1887. Ukiona fimbo mbili za kifalme zimepishana chini ya taji, hiyo ni Birmingham ya kabla ya 1904. Kuanzia 1904 Birmingham ikatumia taji juu ya BP na BV, na taji juu ya NP kwa baruti mpya. Ukiona BNP na mgandamizo umeandikwa kwa tani, ni ya kuanzia 1954, na hiyo bado ni kijana. Namba ya mfululizo ya bunduki nayo ni ya thamani ikiwa jina ni la kweli: nyumba kama Purdey, Holland & Holland na Westley Richards zina vitabu vyao vya zamani, na ukiwaandikia namba wanaweza kukutajia ilikamilika lini na ilikwenda kwa nani. Anwani iliyoandikwa juu husaidia pia, maana maduka yalihama. Purdey, kwa mfano, walitoka Oxford Street kwenda South Audley Street mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kwa "W. Richards" hakuna kitabu cha kuuliza.

Umbo nalo husema, ila lisikilizwe kwa uangalifu. Bunduki yenu ina nyundo nje, na jamaa wa Kariakoo akasema kwa hiyo ni ya miaka ya 1860. Hapana. Umbo linakwambia bunduki haiwezi kuwa ya kabla ya lini. Halikwambii haiwezi kuwa ya baada ya lini. Risasi za kupigwa katikati ya kitako cha ganda zilienea miaka ya 1860, mitambo ya kuficha nyundo ikaja miaka ya 1870, ya kutema maganda yenyewe ikafuatia. Lakini nyundo za nje ziliendelea kutengenezwa miongo mingi baadaye kwa wanunuzi waliotaka bei nafuu, au waliotaka kuona kwa macho kama bunduki imekokwa. Mwindaji wa porini hulipenda hilo mpaka leo.

Usafi, kwa siku chache itakazokuwa bado nyumbani: usiufanye. Kama polisi wataelekeza ibaki mahali fulani na mkaruhusiwa kuitunza, basi kitambaa laini cha pamba na tone la mafuta ya cherehani kwenye chuma, na kitambaa kikavu kwenye mbao. Vanishi hapana, waya wa kusugulia sufuria hapana. Bisibisi ya nyumbani pia hapana. Mifereji ya skrubu zile ni myembamba kuliko bisibisi zetu, na skrubu iliyotafunwa ni jambo la kwanza mnunuzi au mtu wa makumbusho hulitazama. Itolewe kwenye kanga na mkeka, kwa sababu vinanyonya unyevu na kuubandika kwenye chuma. Na kama chapa nyingine zimefifia, njia ni chaki ya shule: paka juu, futa kwa kiganja, chaki itabaki ndani ya herufi. Piga picha asubuhi karibu na dirisha, mwanga ukiingia kwa ubavu. Flashi ya simu inafuta kila kitu.

Ikiwa familia haina mtu atakayeomba leseni, waulizeni polisi juu ya kuizima isiweze kufyatua tena, au kuikabidhi. Ningependa sana bunduki ya bwana nyama wa Rufiji, yenye kitabu chake cha leseni na picha yake, iulizwe pia kwa watu wa Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, kwa utaratibu ambao polisi wataukubali. Bunduki peke yake ni ya kawaida. Bunduki pamoja na karatasi zake na mtu wake, hizo ni chache mno. Nimeziona tatu maisha yangu yote.

Kitu cha mwisho nimekikuta kwenye picha yako ya saba, na wewe hukukitaja. Upande wa kushoto wa kitako, karibu na pale shavu linapogusa, kuna mikato sita midogo iliyopangwa mstari mmoja, na wa saba umekaa peke yake, mbali kidogo. Haikutoka Liège hiyo. Ni kisu cha mtu, na kingo za mikato zimelainika kwa jasho la shavu, kwa hiyo aliyeikata aliendelea kuitumia miaka mingi baadaye. Umeandika kwamba bibi yuko hai. Mpelekee hiyo picha, umuulize ule wa saba ni wa nini.